Uliza Maji Yalikuwa Wapi: Hotuba kwa Waongozaji na Wagumu, Moshi

(Wenzetu mliokuwa mlimani siku ya mkutano mmeomba maneno haya yaandikwe. Ni kama yalivyosemwa ukumbini, pamoja na utani wake.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za kazi? Waongozaji, madereva, wapishi, karibuni. Na nyinyi wagumu, wabeba mizigo wetu wa mlimani, mliojipanga huko nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele. Nasema sogeeni. Viti vya mbele havina bei, na habari ya leo, ikifika katikati, ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote humu ndani.

Nianze na swali. Wangapi wamepita barabara ya Himo, Mwanga, Same, Hedaru, Mombo, mpaka Korogwe? Naona mikono yote. Ningeshangaa isingekuwa hivyo. Kila Desemba Mchaga wa Dar es Salaam anaipanda, kila Januari anaishuka na ndizi kwenye buti. Haya, swali la pili. Wangapi wanajua kwamba kuanzia Taveta, kushuka kufuata reli, njia hiyo yote ilikuwa uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1916? Mikono mitatu. Na mmoja ni wa mwalimu, huyo simhesabu.

Hatuipiti kwa ubaya. Tunaipita kwa haraka. Kwenye barabara ile kinachotusimamisha ni vitu viwili tu: tochi za trafiki na mishikaki. Mimi nimekuja kuongeza kitu cha tatu.

Mwezi wa sita unaingia. Mnaijua hali yetu ya kipupwe: asubuhi ukungu, mlima umefunga, mtu anatoka na sweta la mtumba la soko la Memorial na bado anapuliza vidole. Watoto wamefunga shule. Wageni wa kupanda Kilimanjaro wanamiminika, na tunawafikiria wao tu. Nawaambia huo ndio msimu wa kuizunguka nchi hii kwa gari. Gari halichemki, kichwa hakichemki, na ukungu ukinyanyuka saa nne au saa tano unaiona milima kwa mkupuo mmoja: Meru nyuma yako, Kilimanjaro kushoto, Upare mbele. Waliopigana huku walipigana kwenye jua la Februari na matope ya Aprili. Sisi tuna bahati ya kwenda Julai.

Sasa twendeni. Tunatokea Arusha.

Kutoka Arusha mpaka Longido ni kilomita kama 80 za lami. Unapita Oldonyo Sambu upepo unakukata masikio, halafu unateremka kwenye nyika, na mlima wa Longido uko mbele yako umesimama peke yake, zaidi ya mita 2,600. Tarehe 3 Novemba 1914, vita vya Ulaya vikiwa na miezi mitatu tu, jeshi la Waingereza lilitembea usiku kutoka upande wa Namanga. Watu kama 1,500, wengi wao Wapunjabi waliovushwa bahari kutoka India. Walikuja kuwang'oa Wajerumani na askari wao Waafrika waliokuwa wameukalia mlima. Kulipokucha, Wapunjabi wakajikuta katikati ya risasi za pande mbili. Walikimbia? Hawakukimbia. Walipigana, na walipigana vizuri.

Nani alikimbia basi? Baghala, watoto wa punda na farasi. Wale baghala waliobeba maji ya jeshi zima walivamiwa asubuhi hiyo wakatawanyika porini na mizigo mgongoni. Hebu fikirini. Mmetembea usiku kucha, mnapigana tangu alfajiri, jua la Longido linapanda, halafu mnaambiwa maji yamekimbia. Majenerali wanaweza kuandika watakavyo, lakini kwa maoni yangu vita vile viliishia pale. Usiku Waingereza walirudi walikotoka.

Kwa hiyo nawapa kanuni moja, na leo nitairudia mpaka mchoke. Ukifika na mgeni kwenye uwanja wowote wa vita huku kwetu, usianze kumwambia jenerali alisimama wapi. Uliza maji yalikuwa wapi. Halafu uliza nani aliyabeba.

Maji yalikuwa wapi, na nani aliyabeba?

Wale mnaokwenda Tarangire mnauona mlima wa Lolkisale kwa mbali. Mgeni akiuliza mnamwambia ni mlima, basi. Aprili 1916 Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini alitoka Arusha na wapanda farasi wake kuufuata mlima huo. Aliufuata wa nini, mlima wenye vichaka vitupu? Maji. Katika eneo lile kavu, aliyeshika maji ya Lolkisale ndiye aliyeshika njia ya kwenda kusini. Akauchukua, akaendelea hadi Kondoa, na hapo masika ikamfungia mlango nyuma yake. Magari yakazama kwenye matope. Farasi wakafa kwa mamia, kwa magonjwa na kwa uchovu. Chakula cha jeshi kikabebwa kichwani kutoka huku kwetu, hatua kwa hatua, kwenye tope la magoti. Kichwani pa nani? Subirini, tunafika.

Turudi Moshi kwanza, maana kuna vita vya kabla ya hivyo, na hivi ni vya nyumbani.

Mgeni akishuka uwanja wa ndege, tunamtembeza mjini, tunamwonyesha kahawa, kesho yake geti la kupandia mlima. Ni wangapi wanampandisha Old Moshi? Kutoka hapa tulipoketi si safari, ni mwendo wa kupanda kidogo kupita migomba na mikahawa. Juni 1892, watu wa Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, waliwapiga Wajerumani kule juu. Waliwapiga kwelikweli: kiongozi wao, von Bülow, aliuawa, na waliobaki wakauacha mlima. Mwaka uliofuata, Agosti 1893, von Schele akaja na jeshi kubwa zaidi na mizinga, na safari hii Meli akashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa hapohapo Old Moshi, yeye na viongozi wenzake, kwa tuhuma za kupanga uasi. Katika kumbukumbu za wenyeji, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Naona vijana mmenyamaza. Basi sikieni na hili. Septemba 2023, taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimelipata fuvu moja lenye ndugu walio hai huku kwetu. Lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwamo. Kwa hiyo unaposimama Old Moshi na mgeni wa Kijerumani, na wengi wao ni wageni wema kabisa, humsimulii hadithi ya kale. Unamsimulia jambo ambalo halijaisha. Kuna familia zinasubiri.

Na kanuni yetu je? Maji yalikuwa wapi? Mlimani, kwenye mifongo, mifereji ambayo wazee wetu waliichimba kwa jembe na kwa akili, ikateremsha maji kutoka msituni mpaka kwenye kihamba, shamba la nyumbani, cha kila mmoja. Kule juu maji yalikuwa yetu. Ndiyo sababu kila mgeni mwenye bunduki aliyeingia nchi hii aliutaka mlima huu kwanza. Baridi, maji, chakula, hakuna homa. Hata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, makao yake aliyaweka hapa Moshi, mwisho wa reli iliyotoka Tanga. Reli hiyo ilifika Moshi mwaka 1911, na bila reli hiyo asingeweza kukaa mpakani mwaka mzima akiwasumbua Waingereza.

Sasa tuvuke Holili. Chukueni hati zenu za kusafiria na bima ya gari ya kuvuka mpaka, msije mkanilaumu. Kabla hamjaingia Taveta mna vilima viwili, Latema na Reata, na kipenyo kati yao. Baada ya Taveta, kwenye njia ya Voi, kuna kilima kidogo, kidogo mno, ambacho usipoambiwa utakipita. Salaita.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nakipenda kilima hiki kuliko vyote, na kinanikasirisha kuliko vyote.

Februari 12, 1916. Waingereza wameshajenga reli kutoka Voi kuja huku, wamevuta na bomba la maji kutoka milima ya Bura, maana nyika ile haina maji ya kunywesha hata mbuzi. Wamepokea wanajeshi wapya weupe kutoka Afrika Kusini. Hawajawahi kupigana Afrika Mashariki, na wana maneno mengi kuhusu Wahindi na Waafrika. Wanatumwa kukichukua Salaita. Mizinga inaanza kukipiga kilele. Kilele kinafuka vumbi, mahandaki ya juu yanasambaratika, kila mtu anafurahi. Lakini mahandaki ya juu yalikuwa geresha! Wajerumani na askari wao walikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, wamefunikwa na vichaka, bunduki za rashasha zimetulia zinasubiri. Waafrika Kusini wakaja wima, kwenye jua, chupa za maji zikielekea kukauka. Mnajua kilichofuata. Wakarudi nyuma ovyo, na waliosimama katikati kuwazuia askari wa Mjerumani wasiwamalize walikuwa Wabaluchi, kikosi cha kutoka India. Wale wale waliokuwa wakidharauliwa asubuhi.

Nimewahi kupeleka pale mzee mmoja wa Afrika Kusini, babu yake alikuwa mmoja wa waliorudi nyuma siku hiyo. Alikuja na nakala ya barua za babu yake, akasimama chini ya kilima akazisoma kwa sauti, sisi tumemzunguka. Barua zilitaja kiu, zikataja jua, zikataja marafiki waliobaki kichakani. Kwenye gari nilikuwa na kijana wa Marangu, mgumu, nilimchukua anisaidie kupika. Mzee alipomaliza kusoma, kijana akaniambia nimuulizie swali. Nikasema uliza mwenyewe, Kiingereza unacho. Akauliza: wale wote, maelfu, waliotembea kuja hapa, mahema yao, risasi zao, unga wao, nani alibeba?

Mzee akapekua barua. Akapekua tena. Hakuna mstari hata mmoja.

Nani alibeba? Mzungu aliyeandika kila kitu, mpaka rangi ya farasi wake, hakuona aliyembebea karatasi ya kuandikia.

Na msidhani ni wazungu tu. Nendeni mbele kidogo upande wa Maktau, wenyeji watawaonyesha mbuyu wenye uwazi ndani. Watawaambia mwanamke wa Kijerumani alijificha humo akiwapiga Waingereza risasi mmoja mmoja kulipiza kisasi cha mumewe. Hadithi tamu. Mimi siiamini hata kidogo, lakini wageni wanaipenda na sitawakataza kuisimulia. Ninachosema ni hiki: mwanamke ambaye pengine hakuwepo tumempa mbuyu mzima. Wapagazi waliokuwepo tumewapa nini?

Sasa wagumu, hapa ndipo nilipowaitia mbele.

Nyinyi mnapimwa getini. Mzigo kilo 20, ukizidi unashushwa, na mpimaji hana urafiki. Mnalalamika foleni ya mzani, nawasikia. Mpagazi wa vita ile alitwikwa kilo 25 mpaka 30, na hakutwikwa siku sita za njia ya Machame. Alitwikwa miezi. Wengine walijiandikisha kwa mshahara, wengine walikamatwa kijijini kwao wakafungwa kamba. Wengi walipewa unga wa mahindi ambao matumbo yao hayakuuzoea, bila muda wa kuuivisha vizuri, na kuhara kukawaua kuliko risasi. Blanketi lilikuwa la bahati. Mtu wa pwani alipandishwa kwenye baridi ya milima na kanga kiunoni. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wapagazi wa upande wao waliokufa wanazidi 40,000, na hiyo ni hesabu ya watu waliokuwa wameandikwa kwenye daftari. Upande wa Mjerumani nani alihesabu?

Mkienda kwenye makaburi ya vita ya Taveta, au haya ya hapa Moshi, mtakuta mawe meupe, majani yamefyekwa, majina yamechongwa. Ni kazi nzuri, naisifu. Lakini mtafuteni mpagazi. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na ikaomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Haikuwa kusahau. Iliamuliwa hivyo, kwenye meza, na watu wenye kalamu. Dar es Salaam tuna Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Ila sanamu yenyewe ni ya mwenye bunduki.

Nani alibeba? Semeni nanyi. Nani alibeba? Babu wa mtu aliyeketi humu. Huenda wako.

Nimalizie safari upesi, maana naona mwenyekiti anatazama saa.

Machi 1916 Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, kamanda mpya wa Waingereza, alikuja na mpango wa kuuzunguka mlima pande mbili. Jenerali Stewart alizunguka magharibi kutoka Longido mpaka Boma Ng'ombe, taratibu mno, mpaka Mjerumani akapata nafasi ya kuondoka. Upande wa mashariki, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12, walipigania vile vilima vya Latema na Reata gizani. Wapo askari weusi wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Waafrika, waliokufa pale pamoja na kanali wao. Karibu na alfajiri Smuts alikuwa ameshaamua kuwarudisha watu wake, kumbe baadhi yao walikuwa juu ya vilima usiku kucha wameng'ang'ania, na Mjerumani ameshaondoka. Simameni kwenye kile kipenyo asubuhi ya Julai, na ukungu, mtaelewa kwa nini hakuna aliyejua nani yuko wapi.

Tarehe 21 Machi ikawa Kahe, kwenye mito. Huko Mjerumani alikuwa na mzinga wa meli, ule wa manowari Königsberg iliyozamishwa Rufiji mwaka 1915. Mizinga ya ile meli iling'olewa ikatawanywa nchi nzima. Huu wa Kahe waliulipua wenyewe usiku wakaacha chuma. Mzinga wa meli, Kahe! Tani za chuma kutoka delta ya Rufiji mpaka chini ya Kilimanjaro. Nadhani swali mnalijua.

Baada ya Kahe vita vilishuka na reli: Same, Mkomazi, Mombo, Korogwe. Kwa gari ni siku moja nzuri, Upare kushoto kwako, mashamba ya mkonge kulia, na ukipata muda panda Lushoto ulale, ila beba blanketi. Tanga ni safari nyingine. Kuna Novemba 1914, Jenerali Aitken alifika na watu kama 8,000 akapigwa na wachache, nyuki wakaingilia kati wakauma pande zote bila upendeleo. Nyuki wamesimuliwa sana, sina la kuongeza.

Sasa ninachotaka kwenu. Siombi kampuni wala mnara. Kwanza, kila mwongozaji aliyeko hapa, jioni moja kabla ya msimu, akae na mzee wa kwao amuulize nani katika ukoo alichukuliwa na vita ya Mjerumani. Wazee waliosikia kwa baba zao bado wapo, lakini si wengi. Andika jina. Andika na kijiji. Pili, mkisimulia vita hivi kwa wageni, simulieni na mpagazi, tena mapema, kabla ya jenerali. Mgeni hatachukia. Mgeni amekuja mlimani na watu watatu au wanne wanaombebea, tena anawaita kwa majina. Atawaelewa haraka kuliko mnavyodhani.

Na tatu, tuende wenyewe kwanza. Jumamosi ya kwanza ya Julai nimekodi Coaster. Inatoka stendi ya Moshi saa kumi na moja alfajiri, na nikisema saa kumi na moja sisemi saa moja. Old Moshi, Latema, Taveta, Salaita, kurudi kulala Himo. Jumapili Kahe na Same. Chakula ni cha kuchangia, wapishi mpo. Kila mtu abebe maji yake, lita tatu, na siku ile hakuna wa kumbebea mwenzake. Sweta lazima. Majina yanaandikwa pale kwa katibu, mlango wa kushoto, na viti vya mbele vya gari ni vya wagumu.

Nani ana swali?